Jiko la Peleti Likikugomea

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya vikundi vya akina mama na vijana, katika ukumbi wa wadi. Yamepunguzwa kidogo ili yatoshee kwenye jarida.

 

Mwenyekiti ameniita mtaalamu. Naomba nimsahihishe mapema, kabla mtu hajaniletea jiko lake hapa mbele nilifungue. Mimi ni afisa wa habari. Kazi yangu ni kuandika, kupiga picha na kuwakumbusha wakubwa kwamba mkutano ulikuwa uanze saa tatu. Majiko sikuyasomea chuoni. Lakini jiko la peleti nimelipikia nyumbani kwangu kwa miaka mitatu. Nimeharibu moja, nimefufua mawili, na mafundi nimewauliza maswali mpaka wakanichoka. Nitawaambia yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Nianze na kuku. Mwaka juzi nilimnunulia mama yangu jiko la peleti, lile la feni na betri, pamoja na magunia mawili ya peleti. Nikampiga picha akichemsha chai, nikaituma kwenye kikundi cha familia, nikapongezwa sana. Baada ya miezi mitatu nilifika nyumbani bila kutoa habari. Nikamkuta mama ameinama kwenye mafiga, anapuliza kuni, macho mekundu. Jiko la peleti lilikuwa nyuma ya mlango, na ndani yake kuku alikuwa ameatamia mayai.

"Lile lilikufa," mama akaniambia. "Lakini kuku amelipenda."

Sikumfukuza kuku. Mama asingekubali. Niliporudi baada ya majuma matatu vifaranga walikuwa wametoka, nikalichukua jiko, nikaliosha na kulifungua uani. Halikuwa limekufa. Waya mmoja wa betri ulikuwa umechomoka. Matundu ya chini yalikuwa yameziba kwa majivu yaliyoganda. Na zile peleti zilikuwa kwenye gunia lililolala sakafuni tangu siku niliyozileta, zimevuta unyevu mpaka zinavunjika kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Makosa matatu madogo, hakuna hata moja lililohitaji shilingi. Lakini mama alikuwa amekula moshi miezi miwili kwa ajili yake.

Nimeona majiko ya namna hiyo katika nyumba nyingi ninakokwenda kwa kazi. Moja limegeuzwa stuli. Moja limepandwa vitunguu vya majani, na lilipendeza, sitasema uongo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya bado zinapikia kuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Na bei ya makaa mnaijua nyinyi kuliko mimi, hasa tangu ukataji wa miti katika misitu ya serikali uliposimamishwa mwaka 2018. Mtu ambaye tayari amejinyima akanunua jiko safi, halafu analiacha kwa sababu ya waya uliochomoka, huyo ananiumiza roho.

Ukitaka kujua kwa nini jiko linagoma, ujue kwanza linavyokula.

Peleti ni unga wa mbao uliokaushwa, ukasukumwa kwa nguvu nyingi kwenye matundu ya chuma. Nyingi zina unene wa milimita 6 hadi 8. Joto la kule kusukumwa hulainisha gundi ya asili iliyo ndani ya mti wenyewe, nayo ikipoa hushika. Kwa kawaida hakuna haja ya gundi ya dukani. Kuna nyingine za maganda ya mpunga, kama yale yanayobaki Mwea, kuna za maganda ya kahawa, na kuna za makapi ya miwa. Zote zina adui mmoja, naye ni maji. Chukua peleti moja utie kwenye kikombe cha maji. Baada ya dakika chache utakuta uji wa unga wa mbao. Na ile uliyoitia maji inafika huko kwa haraka tu. Ile iliyolala kwenye sakafu ya saruji msimu wote wa mvua inafika huko polepole.

Sasa jiko lenyewe. Ukuni ukipata joto hutoa moshi, na ule moshi ni mafuta. Kwenye mafiga sehemu kubwa ya mafuta hayo hupotelea machoni mwako na kwenye mabati. Jiko la peleti limetengenezwa liuchome ule moshi. Unajaza peleti kwenye kikombe cha ndani, unawasha juu, na moto unashuka polepole kwenda chini. Hewa kidogo inapita chini kupitia kitako chenye matundu, inasaidia peleti kutoa gesi. Hewa nyingi zaidi inaingia kwenye matundu ya juu, karibu na mdomo wa kikombe, na hapo gesi inawaka. Ndiyo maana jiko likiwa zima unaona ndimi za moto zimetoka kwenye matundu ya juu kwa mduara, kama meko ya gesi. Kinachosukuma hewa hizo mbili ni feni ndogo. Gesi ikiisha, kinachobaki ndani ni makaa. Shikeni hilo neno, makaa. Nitalirudia.

Kuna Mnorwe mmoja, Paal Wendelbo, aliyetengeneza jiko la kuwashwa juu namna hii kaskazini mwa Uganda, lisilo na feni. Aliliita Peko Pe. Kwa Kiacholi maana yake ni "hakuna shida". Jina zuri. Mimi nimekuja kuwaeleza shida.

Tuanze na peleti zenyewe, kwa sababu kwa uzoefu wangu malalamiko mengi yanaishia hapo hata kama yalianza kwenye betri. Peleti nzuri ni kavu. Unyevu wake haupaswi kuzidi asilimia 10. Wewe huna kipimo, na mimi pia sina. Chukua moja uivunje karibu na sikio. Ikivunjika kwa mlio, tap, ni kavu. Ikipinda kwanza, au ikisagika kimya kimya, imevuta maji. Itazame pia. Nzuri ina uso laini wenye kung'aa kidogo, na iliyolowa imefura na ina nyufa za kupitana.

Usiweke gunia sakafuni, hata kama sakafu ni ya saruji na unaiona kavu. Saruji hupitisha unyevu wa ardhi. Liweke juu ya mbao au matofali, lisiguse ukuta. Bora zaidi, ukifungua gunia, mimina peleti kwenye ndoo au pipa la plastiki lenye kifuniko kinachobana, uchote humo. Mama yangu sasa anazo kwenye ndoo mbili za rangi alizoomba kwa fundi wa nyumba, na anazilinda kuliko sukari. Peleti zilizovuta unyevu kidogo zinaweza kuanikwa juani kwenye mkeka, zigeuzwegeuzwe, lakini zilizofura hazirudi. Zile zimwage shambani kama matandazo. Na tafadhali msikaushe peleti kando ya moto unaowaka. Nimekuta mtu anafanya hivyo, na nyumba ilikuwa ya mbao.

Jambo jingine ni vumbi. Chini ya kila gunia kuna unga uliotokana na kubebwa na kurushwarushwa kwenye pikipiki. Ukiumimina ule unga jikoni, unajaza nafasi zilizo kati ya peleti, hewa haipiti, moto unazimia katikati. Chekecha peleti kabla ya kutumia.

Sasa tuseme peleti zako ni kavu, na bado jiko linatoa moshi. Hapo angalia kikombe umekijaza wapi. Peleti zikifika kwenye yale matundu ya juu au kuyapita, zinayaziba, na gesi haipati hewa ya kuwakia. Jaza uishie chini ya matundu, hata kama roho inakwambia ongeza kiganja kimoja kwa sababu leo ni maharagwe. Halafu angalia uliwasha vipi. Wengine bado wanawasha kwa mtindo wa jiko la makaa, kaa la moto chini na peleti juu. Ukifanya hivyo peleti zote zinapata joto kwa pamoja na kutoa moshi wote kwa pamoja. Washa juu. Mimi natumia vijiti vikavu vyembamba au vipande vya gunzi, navipanga juu ya peleti, nawasha kwa kiberiti, nasubiri vishike sawasawa. Feni naiwasha ikiwa kwenye kiwango cha chini kabisa, na naipandisha moto ukishaenea juu kote. Ukianza na feni ya juu unakuwa kama mtu anayepuliza mshumaa halafu anashangaa umezima. Msitumie plastiki kuwashia. Moshi wa plastiki una sumu, na matone yake yanaganda kwenye matundu.

Kuna moshi mmoja nataka muutambue. Jiko lilikuwa linawaka vizuri, upepo ukapita au sufuria ikamwaga maji, ndimi zikazima, mara unatoka moshi mweupe, mzito, mwingi. Moshi huo ni gesi iliyokosa moto. Inaweza kushika ghafla. Geuza uso, simama mbali kidogo, nyoosha mkono, washa kwa njiti ndefu au kijiti chenye moto juu ya mdomo wa kikombe. Itashika kwa kishindo kidogo, puf, na moshi utakwisha. Usiiname kuchungulia. Na usimwagie mafuta taa jiko lililo na moto au joto ndani yake, hata tone. Mvuke wa mafuta taa ukishika unarudi mkononi, na hakuna chakula kinachostahili hayo.

Tazama na sufuria. Jiko linalowaka vizuri haliweki masizi mengi. Kama chini ya sufuria kumekuwa cheusi tii na ndimi ni ndefu za njano zenye kucheza, gesi inakosa hewa. Rudi kwenye unyevu, feni na matundu. Wakati mwingine ni sufuria yenyewe, pana, imekaa moja kwa moja kwenye mdomo na kuziba njia ya moto. Vile vyuma vya kuinulia sufuria mlivyopewa na jiko vina kazi yake, msivipeleke kwenye kuku choma.

Feni. Hapa ndipo watu wanapotangaza kifo mapema. Mimi mwenyewe feni iliponyamaza nilikimbia dukani nikanunua betri mpya. Nikaifunga, feni ikabaki kimya. Kijana mmoja fundi wa simu akaja, akatazama, akasukuma kichwa cha waya kwa kidole gumba, na feni ikaanza kuzunguka. Ile betri ya zamani ilikuwa nzima. Fundi alinicheka kwa adabu, akanitoza nauli tu.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu, na jiko liwe limepoa kabisa. Kwanza sikiliza. Feni nzima ina mlio mwembamba usiobadilika. Ikikwaruza au ikienda kwa kusitasita kuna kitu ndani. Kimya kabisa, angalia chaji, kisha nyaya na mahali zinapochomekwa, maana kutu kidogo tu hukata umeme, na panya hupenda nyaya. Jaribu kuichaji kwa chaja iliyokuja nayo. Ikiwa jiko lako linaruhusu kuchajiwa kwa waya wa simu, jaribu hivyo ujue kama tatizo ni betri au ni paneli ya sola.

Paneli nyingi hazina ubaya wowote, zimewekwa mahali pabaya. Iko ndani, nyuma ya kioo cha dirisha, au iko chini ya mgomba inapata jua saa moja kwa siku. Kivuli cha tawi moja kikipita juu yake chaji inashuka sana. Iweke juu ya paa au kigingi, ilale karibu wazi kabisa lakini iinamishwe kidogo ili mvua isafishe vumbi, na uipanguse kwa kitambaa chenye maji mara moja kwa wiki. Huku kwetu nyanda za juu Julai tunakaa siku tatu bila kuona jua. Siku hizo chaji jiko kwa umeme mapema, usingoje lizime ugali ukiwa nusu. Na betri ya lithiamu ikiachwa tupu miezi mingi hufa kweli. Ukisafiri, iache na chaji, mwachie jirani maagizo.

Kusafisha feni, tumia mswaki wa zamani mkavu au brashi ya rangi. Usiimwagie maji. Kwenye feni ya mama yangu nilitoa uji uliokauka, nywele, na mende watatu. Mende wanapenda joto, na chini ya jiko kuna joto. Chakula kikifurika kizime, kipoe, kipanguswe siku hiyo hiyo.

Betri ikivimba, au ikiwa na harufu kali, au ikipata moto kupita kiasi wakati wa kuchaji, hapo usijaribu lolote. Itoe nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto, umpelekee fundi au aliyekuuzia. Usiitupe chooni wala kwenye moto wa takataka.

Matundu ya kitako yasafishe kila baada ya siku chache. Kijiti cha spoki ya baiskeli kinatosha. Peleti za maganda ya mpunga huacha majivu mengi zaidi kuliko za mbao safi, na peleti zilizochanganyika na mchanga huacha vigae vigumu kama kioo chafu. Ukiona hivyo vigae kila siku, peleti hizo zina uchafu, badilisha unakonunua.

Sasa githeri. Najua mlikuwa mnaisubiri, kwa sababu kila ninapozungumzia jiko hili mama mmoja ananiuliza, litapika githeri? Litapika. Lakini kikombe kimoja cha peleti kinaisha kabla githeri haijaiva, na hapo wengi wetu tunachukua kiganja cha peleti tunamwagia juu ya moto. Nyumba inajaa moshi, jiko linalaumiwa. Peleti mpya zikianguka juu ya makaa zinazima ndimi na kutoa gesi kwa fujo. Jiko hili hulishwi katikati. Ngoja ndimi ziishe, ushushe sufuria, umwage makaa, ujaze upya, uwashe upya. Dakika tano. Baadhi ya majiko huja na vikombe viwili, kimoja unakitayarisha wakati kingine kinawaka. Loweka mahindi na maharagwe tangu usiku. Yakishachemka vizuri, yaweke na sufuria yake kwenye kapu lililojazwa nguo au nyasi kavu, ufunike, yamalizie kuiva humo bila moto. Bibi zetu walijua jambo hili, sisi tulilisahau tulipopata gesi.

Nimesema umwage makaa. Nilisema nitalirudia neno hilo. Hapa naomba mnisikilize vizuri, na vijana walio kwenye simu waziweke kidogo.

Julai mwaka jana ilikuwa baridi, mnaikumbuka. Ninaishi nyumba ya kupanga, chumba kimoja na sebule. Nilipika kibarazani jioni, ndimi zikaisha, ndani ya jiko yakabaki makaa mekundu mazuri, hayana moshi hata chembe. Nikafikiri, joto hili lote lipotee? Nikaliingiza sebuleni, nikafunga madirisha, nikaweka blanketi chini ya mlango. Binti yangu alikuwa na miaka minne, amekaa kwenye kochi anatazama katuni.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeandika tangazo la kuwaonya watu wasilale na jiko la makaa ndani ya nyumba. Niliandika mimi. Nilichagua hata rangi ya bango. Lakini kichwani mwangu lile lilikuwa jiko la makaa, na hili langu ni jiko safi, la kisasa, la peleti.

Baada ya kama saa moja kichwa kilianza kunigonga. Nikasema ni uchovu wa kazi. Mtoto akaniambia anataka kulala, na ilikuwa saa moja tu. Mtoto wangu halali saa moja. Kisha akatapika. Nilitaka kusimama nichukue kitambaa, miguu ikakataa, nikakaa tena, na ninakumbuka sikuogopa, nilikuwa nasikia uvivu mtamu. Mume wangu ndiye aliyefika kutoka kazini, akasukuma mlango, akanuna kwa sababu ya blanketi, halafu akaona jiko. Alimbeba mtoto, akanivuta mkono, tukatoka nje kwenye mvua. Hospitalini tuliwekwa kwenye oksijeni, wote wawili. Asubuhi tukaruhusiwa. Mimi nilichelewa kuingia kazini siku hiyo na sikumwambia mtu yeyote sababu. Leo ndiyo mara ya kwanza nalisema mbele ya watu.

Daktari alinieleza hivi. Makaa yanayoungua polepole hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Damu inatakiwa kubeba oksijeni, lakini gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mimi naichukulia kama matatu. Viti vimekaliwa na abiria asiyetaka kushuka, na oksijeni inabaki stejini.

Kwa makaa ya peleti au makaa ya mkaratusi, ni gesi ile ile. Tena jiko hili linaweza kukudanganya zaidi kwa sababu wakati wa ndimi linawaka safi, na ndimi zikiisha bado linaonekana safi. Kwa hiyo ndimi zikiisha, jiko libaki nje au litoke nje. Mwaga makaa kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, ule wa maziwa ya unga unafaa, ufunike, uuache nje mbali na mtoto. Bila hewa yatazima, na kesho unaweza kuyatumia kwenye jiko la makaa au kuyasaga uyachanganye na mbolea ya shambani. Usiyatie kwenye ndoo ya plastiki hata kama unadhani yamezima. Ukipikia ndani kwa sababu ya mvua, mlango na dirisha viwe wazi tangu mwanzo mpaka jiko litoke.

Na ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na kuna moto ndani, tokeni kwanza. Usibaki kuzima jiko. Mkiwa nje ndipo mpige 999 au 112, au mtafute gari la kwenda hospitali, hata kama mnahisi nafuu. Maziwa hayaitoi gesi hii kwenye damu. Nimeambiwa mara nyingi nimpe mtu maziwa, na mimi napenda maziwa, lakini hapo hayasaidii.

Mzee pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza kama anaweza kutengeneza peleti zake nyumbani. Mzee wangu, peleti zinahitaji mashine yenye nguvu kubwa. Zile briketi za vumbi la makaa mnazofinyanga kwa mikono ni nzuri, endeleeni nazo, lakini ziwekwe kwenye jiko la makaa. Kwenye jiko hili vipande vikubwa vinaacha mianya, hewa inapita upande mmoja, moto unashuka kombo. Na mama aliyeuliza kuhusu punje za mahindi yaliyooza, jibu ni hapana. Yanatoa moshi, na yakioza hivyo hayafai hata kwa ng'ombe.

Wale ambao majiko yao bado yako kwenye dhamana, msifungue sehemu zilizofungwa kwa skurubu kabla hamjamwuliza aliyewauzia. Tafuteni risiti. Najua iko ndani ya Biblia au Kurani, ndiko sote tunakoziweka.

Sasa tutoke nje. Jiko liko chini ya ule mparachichi. Nimeleta ndoo moja ya peleti kavu na gunia moja la zile za mama yangu zilizolowa, nilizihifadhi kwa makusudi. Tutaziwasha zote mbili, kwanza kavu, kisha zilizolowa, ili kila mtu auone ule moshi mweupe kwa macho yake na ajue anasimama wapi. Mama aliyeleta jiko lake kwenye kiondoo, njoo nalo, tuanze na waya.